Kusafiri na mama kutoka Dar hadi Toronto: mwongozo kamili wa siku ndefu ya ndege

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Toronto. Ukianza kuhesabu tangu mnapofunga mlango wa nyumba hadi mama anapovua viatu sebuleni kwa mwenyeji wake, mnamaliza siku nzima na mara nyingi zaidi. Kijana anayesafiri peke yake huimudu kwa usingizi na filamu. Anayemsindikiza mama wa miaka sabini, mwenye presha na magoti yanayouma, ana kazi nyingine kabisa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika wiki kadhaa kabla ya safari.

Kuna kanuni moja itakayojirudia humu: safari ya watu wawili hupangwa kwa mwili wa yule anayechoka mapema. Kila penye mvutano kati ya bei, muda na magoti ya mama, magoti yashinde. Nimetumia mfano wa mama, lakini kwa baba, bibi, au dada mwenye mimba mambo mengi ni yale yale.

Hatua ya kwanza: chagua njia kabla ya kuangalia bei

Njia zinazotumika sana kutoka Dar ni nne. Kupitia Addis Ababa, kipande cha kwanza ni kama saa tatu tu, halafu kipande cha pili kinavuka saa kumi na tatu. Kupitia Dubai au Doha ni kama saa tano na nusu, kisha kama saa kumi na nne. Kupitia Istanbul ni kama saa saba, kisha kumi na nusu hivi. Kupitia Amsterdam ni kama saa kumi, na zaidi kama ndege itagusa Kilimanjaro au Zanzibar, kisha kama saa nane.

Wengi huangalia jumla ya saa. Mimi huangalia kipande kirefu kuliko vyote, kwa sababu hapo ndipo miguu huvimba na uvumilivu huisha. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, Istanbul au Amsterdam inagawa safari vizuri zaidi hata ikizidi bei kidogo. Kwa mzee mwenye afya anayelala popote, njia ya Addis ina faida yake, kwani unamaliza kazi ndogo kwanza, kisha unalala usiku mzima angani. Ila kama ana tatizo la moyo au mapafu, kumbuka kwamba Addis yenyewe iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kutembea kwa haraka humo kunachosha.

Mambo mawili hayana mjadala. Tiketi iwe moja kutoka Dar hadi Toronto, si mbili zilizonunuliwa mbali mbali, ili ndege ya kwanza ikichelewa shirika liwe na wajibu wa kuwatafutia ndege nyingine. Na muda wa kuunganisha uwe kati ya saa tatu na tano. Chini ya saa mbili, mkiwa na kiti cha magurudumu, ni kujitafutia presha. Zaidi ya saa nane kwenye viti vya chuma ni mateso, labda kama mmelipia hoteli.

Hatua ya pili: majina, viti, kiti cha magurudumu na chakula

Jina kwenye tiketi lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Akina mama wetu wengi wana jina la ubatizo au la utotoni kwenye cheti kimoja, na jina la mume kwenye kingine. Pasipoti ndiyo inayotawala. Wakala akikwambia "hilo dogo, litapita", mwambie alirekebishe leo.

Kuhusu viti, uliza ni ndege ya aina gani. Airbus A330 kwa kawaida ina mpangilio wa 2-4-2, kwa hiyo mkipata vile viwili vya pembeni mnakaa peke yenu, hakuna wa kumruka. Boeing 787 na Airbus A350 huwa 3-3-3, na Boeing 777 za mashirika mengi ni 3-4-3. Kwenye safu hizo mama akae upande wa njia, wewe ukae katikati. Najua kila mtu anataka mama aone mawingu, lakini mama atakayelazimika kumwamsha mgeni ili aende msalani ataacha kunywa maji, na hilo ni baya kuliko kukosa mawingu. Msikae karibu sana na vyoo. Safu ya mlango wa dharura msihangaike nayo, mzee mwenye magoti mabovu hakubaliwi pale.

Kiti cha magurudumu kiombwe kupitia shirika angalau saa 48 kabla ya safari. Ni bure. Kuna viwango: WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege ila hawezi umbali mrefu, WCHS ni kwa asiyeweza ngazi, WCHC ni kwa asiyeweza kutembea kabisa. Hakikisha alama hiyo inaonekana kwenye tiketi. Baadhi ya wazee huona aibu: "Mimi si mgonjwa." Mweleze kwamba uwanja wa Istanbul uliofunguliwa 2018 ni jengo moja kubwa mno, na kutoka geti moja hadi jingine mtu anaweza kutembea nusu saa. Anayekubali kusukumwa mara nyingi hupitishwa pia kwenye foleni fupi ya ukaguzi pamoja na msindikizaji wake mmoja.

Chakula maalumu kiagizwe siku mbili kabla: DBML ni cha mwenye kisukari, MOML ni cha Kiislamu. Mashirika ya Ghuba na Uturuki tayari hupika halali.

Hatua ya tatu: karatasi

Viza ya Kanada haiwezi kuishi kuliko pasipoti, kwa hiyo kama pasipoti ya mama inakaribia kuisha, pasipoti mpya itangulie maombi ya viza. Alama za vidole zinazochukuliwa wakati wa maombi hudumu miaka 10. Mzazi au bibi wa raia au mkazi wa kudumu wa Kanada anaweza kuomba viza maalumu ya wazazi, maarufu kwa jina la "super visa", inayomruhusu kukaa hadi miaka mitano kwa kuingia mara moja. Viza hiyo inadai bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada. Hata kwa viza ya kawaida, bima si anasa. Usiku mmoja hospitalini Toronto kwa mgeni asiye na bima unaweza kumeza akiba ya ukoo.

Chapisha kwenye karatasi: tiketi ya kwenda na kurudi, barua ya mwaliko, anwani na simu ya mwenyeji, bima, na barua ya daktari. Simu huzima, karatasi haizimi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iingie humo humo. Kanada hawaitaki, ila mnaporudi mkipitia nchi yenye ugonjwa huo, kama Ethiopia au Kenya, mnaweza kuulizwa.

Kisha andika kadi ndogo ya kumvalisha mama shingoni: jina lake, namba za ndege zote mbili, simu ya mwenyeji, dawa anazotumia, na sentensi moja ya Kiingereza inayosema kwamba anazungumza Kiswahili na anasafiri na mwanawe fulani. Mkubaliane pia mapema, nyumbani, mkiwa mmetulia: mkipoteana, mama asimame pale pale alipo. Asitafute. Wewe ndiye utakayerudi. Zikipita dakika nyingi, amwonyeshe kadi mtu aliyevaa sare.

Hatua ya nne: dawa

Hapa usiharakishe. Nendeni kliniki wiki tatu au nne kabla, na maswali yaliyoandikwa.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake zenye jina, pamoja na barua ya daktari. Usimimine vidonge kwenye karatasi ya kaki. Insulini isiende kwenye begi la chini kamwe, inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Kanada humruhusu mgeni kuingia na dawa za matumizi yake za hadi siku 90, au za dozi moja kamili, chochote kilicho kidogo. Akikaa zaidi, panga na mwenyeji jinsi ya kumpata daktari huko.

Swali gumu ni saa. Toronto iko nyuma ya Dar kwa saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa kiangazi chao, na mkielekea magharibi siku inarefuka. Kwa vidonge vya presha vya mara moja kwa siku, utaratibu rahisi ni huu: saa ya mkononi ya mama isiguswe. Ibaki saa za Dar mpaka mfike, ameze dawa kama angekuwa nyumbani, kisha mhamie saa za huko kidogo kidogo kadiri daktari alivyoelekeza. Kwa insulini usibuni, daktari aandike ratiba ya siku hiyo kwa namba, na nakala moja uwe nayo wewe.

Mwulize pia kuhusu damu kuganda miguuni. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, au aliyewahi kupata tatizo hilo, hatari yake ni kubwa zaidi. Daktari anaweza kushauri soksi za kubana. Zinunuliwe kwa kipimo cha mguu na zijaribiwe nyumbani, maana zikiwa ndogo zitamkata.

Hatua ya tano: mizigo

Njia nyingi za kwenda Amerika Kaskazini huruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa kila mtu, lakini soma tiketi yako. Begi la mkononi kwa mashirika mengi ni kilo saba hadi kumi na mbili. Gawaneni: nusu ya nguo za mama ziwe kwenye begi lako, nusu ya zako kwenye lake. Begi moja likipotea hakuna atakayebaki na kanga moja.

Sasa zawadi, mahali ambapo ndugu wote wana maoni. Nyama isiende kabisa, iwe imekaushwa au imekaangwa. Matunda mabichi na mbegu za kupanda viacheni. Mizizi ya dawa yenye udongo pia, udongo hauruhusiwi. Mirungi ni dawa ya kulevya kisheria Kanada, hata kama jirani anaapa kwamba shemeji yake alipita nayo. Dagaa, viungo, majani ya chai na unga vifungwe vizuri, viwekwe begi la chini na vitajwe forodhani. Kutaja hakugharimu kitu. Kuficha ndiko kunakoleta faini, na kunamwanzishia mama safari kwa kumfanya aonekane mwongo.

Mkoba wa mkononi wa mama uwe mwepesi: dawa, miwani, kanga mbili, sweta, nguo ya ndani ya kubadili, peremende za kutafuna ndege inaposhuka, na chupa mbili tupu za plastiki. Kila chupa ina kazi yake. Mkishapita ukaguzi, moja mnaijaza maji ya kunywa. Nyingine, iliyowekewa alama, ni ya msalani, kwa sababu vyoo vya ndege vina karatasi tu, na mama wa pwani hatakwambia kwamba hilo ndilo linalomnyima raha. Kanga nayo hufanya kazi zote: shuka, mto, stara, mswala.

Vimiminika vya mkononi visizidi mililita 100 kwa kila chombo, hata kama ni asali au maji ya Zamzam. Pawabenki lazima ikae mkononi, isizidi saa-wati 100, na mashirika mengine sasa hayaruhusu kuitumia ndani ya ndege.

Mkisafiri wakati wa baridi, koti zito lisifungiwe chini. Makoti mazuri ya mtumba yanapatikana Dar kwa bei ya kutupa, kwa kuwa hapa hayana kazi. Mama atalihitaji dakika ile ile mlango wa uwanja wa Toronto utakapofunguka.

Siku yenyewe: kutoka nyumbani

Kwanza tarehe. Tiketi ikisema 15 Januari, 02:50, hiyo ni saa nane na dakika hamsini usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani mnakwenda tarehe 14 usiku. Watu wamekosa ndege kwa kujipanga "usiku wa tarehe 15", na ndugu wa kusindikiza nao waambiwe hivyo hivyo kwa saa zetu na kwa siku ya juma.

Ndege za kimataifa Dar huondokea Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililoanza kazi 2019. Mkiwa na kiti cha magurudumu fikeni saa nne kabla ya ndege kuondoka. Barabara ya Nyerere jioni haina adabu, na anayetoka Kigamboni au Mbagala ajiongezee saa nyingine. Kuagana, dua na picha vifanyike nyumbani. Pale mlangoni kuna ukaguzi, watu wanasukumana, na mama akianza kulia na ndugu kumi na watano mtaingia mmechelewa na macho mekundu.

Kaunta, hakikisha mambo matatu kabla ya kuondoka: mmepewa pasi za kupandia ndege zote mbili, lebo za mabegi zinaonyesha YYZ ambayo ni Toronto, na kiti cha magurudumu kimethibitishwa hadi mwisho. Pasipoti mama aishike mwenyewe anapokaguliwa, kisha irudi kwenye mkoba mmoja unaoubeba wewe, mfuko ule ule kila mara.

Angani

Hewa ndani ya ndege ni kavu, na mgandamizo wake ni sawa na kuwa kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani kati ya Nairobi na Addis Ababa. Kwa hiyo mama akilalamika koo na kichwa, hajarogwa. Anywe maji kidogo kidogo, chai na soda zipungue. Kila baada ya saa moja na nusu hivi asimame, atembee hadi jikoni mwa ndege na kurudi. Akiwa amekaa, ainue visigino kisha vidole, mara kumi. Akilala, mwache alale.

Msalani mpeleke mara ya kwanza wewe. Mlango mwingi hukunjwa katikati kwa kusukuma, taa kamili huwaka mtu akifunga kitasa, na maji ya choo hunyonywa kwa kishindo kinachomshtua asiyekijua.

Mama mswali anaweza kuswali kitini, na kwa msafiri kuna ruhusa ya kukusanya na kupunguza. Aulize kwa sheikh wake kabla ya safari, maana mkienda magharibi mchana unarefuka na alasiri inakataa kuisha, na si wakati mzuri wa kuanza mjadala wa fiqhi.

Kuunganisha ndege

Baki kitini mpaka wengine washuke. Mhudumu wa kiti atakuwa mlangoni. Mwonyeshe pasi ya pili. Mkifika ndani, angalia ubao wa ndege mwenyewe, kwa kuwa geti hubadilika. Kuna ukaguzi tena, kwa hiyo maji mliyobeba yatamwagwa. Baada ya hapo mpangilio wangu ni huu: msalani, udhu na sala kwa anayeswali, chakula cha moto, kubadili nguo ya ndani, kisha getini. Kunawa uso na kuvaa nguo safi katikati ya safari humrudishia mama nguvu kuliko kahawa yoyote. Mhudumu akiwaacha mahali pa kusubiri, muulize atarudi saa ngapi, na ikibaki saa moja na nusu hajaonekana, nenda kaunta ukaulize. Usingoje kwa heshima.

Toronto

Uwanja wa Pearson una Jengo la 1 na la 3, mwambie mwenyeji ni lipi. Kwenye mashine za kuingilia mnajaza tamko, mnapigwa picha, kisha mnakwenda kwa ofisa. Atauliza mnakwenda kwa nani, mtakaa muda gani, nani anagharamia. Majibu yawe mafupi, ya kweli, na yafanane na yale ya kwenye maombi ya viza. Usimjibie mama kabla hujaruhusiwa. Mwambie ofisa kwamba anazungumza Kiswahili na uombe kutafsiri. Ofisa asipoandika tarehe kwenye pasipoti, mgeni wa viza ya kawaida huhesabiwa miezi sita tangu siku ya kuingia. Mwenye fedha taslimu kuanzia dola 10,000 za Kanada lazima azitaje.

Hata kama mnaendelea Calgary au Edmonton, kwa kawaida mabegi mnayachukua hapa na kuyakabidhi tena. Begi lisipoonekana, ripoti iandikwe kaunta ya mizigo kabla ya kutoka nje, na mbaki na namba yake. Kwa Mkataba wa Montreal, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, dai la begi lililoharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na la lililochelewa ndani ya siku 21 tangu kulipokea.

Kuna treni nzuri ya kwenda katikati ya mji kwa dakika 25. Msipande. Mwenyeji aje na gari lenye nafasi.

Usiku wa kwanza

Mkifika jioni, mwili wa mama unadhani ni usiku wa manane. Uji au supu, maji ya moto ya kuoga, dawa kwa ratiba, kitandani. Ataamka saa nane au tisa usiku, macho makavu, na ataelekea jikoni kupika chai kama alivyozoea. Kwa hiyo kabla hajalala mwonyesheni jiko linavyowashwa na kuzimwa, bomba la moto ni lipi, taa ya kwenda msalani iko wapi, na mlango upi asiufungue. Chupa ya chai na mkate viwe mezani. Siku zinazofuata atoke nje mchana apate mwanga, asilale zaidi ya nusu saa alasiri, na kwa tofauti ya saa nane mpeni wiki nzima kabla ya kumwalika mtu yeyote kuja kumsalimia. Akipata uvimbe na maumivu kwenye mguu mmoja, au kifua kubana, katika wiki hizo za mwanzo, msiupake dawa ya kuchua: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na kifua kikibana pigeni 911, namba ya dharura ya Kanada.